Kwa nini harufu ya hopsi hupotea katika bia ya nyumbani, na namna ya kuizuia isipotee

Msomaji mmoja, Mkenya anayeishi Minneapolis, ameuliza hivi kuhusu hopsi, yaani maua yanayotiwa katika bia ili kuipa uchungu na harufu: "Nimekuwa nikitengeneza bia nyumbani kwa mwaka mmoja na nusu sasa, lita 20 kwa mara moja, nikifuata mtindo wa bia za Marekani zenye hopsi nyingi. Siku ya kujaza chupa, bia hunukia maembe na machungwa, hata mke wangu huja jikoni kuuliza ninakamua nini. Ikifika wiki ya tatu harufu hiyo haipo tena. Bia imekuwa na rangi ya chai ya rangi, ladha imekuwa tamutamu isiyopendeza, na kwa mbali nasikia kitu kama boksi lililolowa. Nimeongeza hopsi za kuloweka kutoka gramu 100 hadi 200 na hakuna mabadiliko. Natumia hopsi za aina ya Cascade na Citra, nazo hukaa wiki moja ndani ya bia katika mtungi wa pili. Kisha nahamishia bia kwenye ndoo yenye sukari na kujaza chupa, ambazo nazihifadhi kabatini. Nakosea wapi?"

Ndugu msomaji, maelezo yako yanatosha kuonyesha tatizo lilipo, na dalili iliyonisaidia zaidi si harufu iliyopotea bali rangi iliyobadilika. Harufu peke yake inaweza kupungua kwa sababu nyingi: hopsi zilizozeeka, kuchemsha kupita kiasi, au kuloweka kwa muda usiofaa. Lakini bia inayopoteza harufu huku ikigeuka kahawia na kuanza kunuka boksi, tena ndani ya wiki tatu, imekutana na oksijeni nyingi baada ya hamira kumaliza kazi yake. Ndiyo maana hopsi ulizoongeza hazikukufaa kitu. Ulikuwa unateka maji kwa pakacha, na kila ulipoona maji hayajai ulikwenda kisimani tena badala ya kulitazama pakacha lenyewe.

Kabla ya kwenda mbali, niondoe dhana moja ambayo nadhani huwapotosha wengi. Tumezoea kusikia kwamba hopsi huhifadhi bia, na ni kweli: Hildegard wa Bingen, mtawa wa Kijerumani, aliandika katika karne ya 12 kwamba uchungu wa hopsi huzuia vinywaji visioze, na katika karne ya 18 na ya 19 watengenezaji wa Uingereza waliongeza hopsi katika bia walizozipeleka India kwa merikebu, safari iliyochukua miezi kadhaa. Lakini kinachohifadhi hapo ni ule uchungu, ambao huwadhoofisha bakteria fulani, hasa wale wanaochachua maziwa na vinywaji vingi vya kwetu. Harufu ya hopsi ni jambo jingine kabisa, na uchungu huo hauilindi. Bia zile zilifika Kolkata zikiwa kali, chungu na salama kunyweka, lakini si bia zinazonukia maembe. Kwa hiyo mtu anayetaka bia ya harufu anapaswa kuifikiria kama watu wa Moshi wanavyoifikiria mbege, au wa Magharibi mwa Kenya busaa: ni kinywaji kinachohesabiwa siku zake.

Sasa tuitazame harufu yenyewe. Ndani ya ua la hopsi kuna unga wa manjano unaonata, na ndani ya unga huo kuna vitu vya aina mbili vinavyotuhusu: utomvu wenye asidi za alfa, ambao ukichemshwa hubadilika na kuwa uchungu wa bia, na mafuta yanayonukia, ambayo katika aina nyingi ni kati ya mililita 1 na 3 kwa kila gramu 100 za hopsi kavu. Mafuta hayo ni mchanganyiko wa mamia ya kemikali, lakini baadhi yake unazijua tangu utotoni bila kujua majina yake. Mirsini, ambayo kwa kawaida ndiyo nyingi kuliko zote, imo pia katika maembe na katika mchaichai. Kariofilini imo katika karafuu, na jina lake limetokana na jina la Kilatini la mkarafuu. Linaloli imo katika rihani, na geranioli katika waridi. Zaidi ya hizo kuna kemikali chache zenye salfa, ambazo hupatikana kwa kiasi kidogo mno lakini pua huzitambua mara moja. Harufu ya matunda ya nchi za joto inayoipa Citra sifa hutegemea sana kundi hili.

Kemikali hizi hazidumu kwa kiwango kimoja. Mirsini ni nyepesi na haipendi kukaa ndani ya maji, hivyo huondoka mapema kwa njia yoyote inayopatikana: kwa mvuke wakati wa kuchemsha, kwa mapovu ya gesi wakati wa kuchachuka, na hata kwa kufyonzwa na ule utando wa plastiki ulio ndani ya kizibo cha chupa. Linaloli huyeyuka vizuri zaidi ndani ya bia na hustahimili muda mrefu. Zile zenye salfa hushambuliwa upesi na oksijeni. Ndiyo sababu bia inayozeeka haipungui harufu kwa usawa, kama redio inayopunguzwa sauti. Huanza kwa kupoteza maembe na machungwa, ikabaki na kitu kama maua au majani makavu, halafu utamu wa kimea, ambao muda wote ulikuwepo lakini umefunikwa, unajitokeza. Huo "utamutamu usiopendeza" uliousema, kwa sehemu kubwa, si sukari mpya iliyoingia bali ni pazia lililoondolewa.

Na rangi? Hopsi huingiza katika bia polifenoli, yaani vitu vya jamii ile ile inayofanya tufaha au ndizi iliyomenywa igeuke kahawia ikiachwa mezani. Oksijeni iliyoyeyuka ndani ya bia, ikisaidiwa na chembe ndogo za metali kama chuma, shaba na manganizi, huzigeuza polifenoli hizo kuwa kahawia, huharibu kemikali za harufu, na baada ya muda huchangia ile ladha ya boksi. Hapa ndipo penye kinaya cha mkasa wako: ulipoongeza hopsi kutoka gramu 100 hadi 200 uliongeza harufu kidogo, lakini pia uliongeza polifenoli na manganizi, na kila tembe (hopsi zilizosagwa na kushindiliwa) uliyoitupia iliingia na hewa yake. Uliongeza kuni, na moto ulikuwa tayari umewashwa.

Tuzipitie basi hatua zako moja baada ya nyingine tuone bia ilipokutana na hewa.

Mahali pa kwanza ni mtungi wa pili. Ushauri wa kuhamisha bia kwenye chombo cha pili ulikuwa wa kawaida zamani, wakati hamira zilizouzwa kwa watengenezaji wa nyumbani zilikuwa dhaifu na watu waliogopa kuiacha bia juu ya mashapo. Hamira za leo hazina tatizo hilo kwa wiki mbili au tatu. Unapohamisha, bia hutiririka ndani ya chombo kilichojaa hewa, na juu yake hubaki nafasi ya hewa hiyo hiyo kwa wiki nzima. Hatua hii iache kabisa. Bia ya hopsi nyingi ikae katika chombo kimoja tangu siku ya hamira mpaka siku ya chupa.

Mahali pa pili ni hopsi zenyewe, na hapa kinachohitajika ni kubadilisha wakati. Wewe unaloweka baada ya bia kutulia, yaani baada ya hamira kulala. Kwa mtu asiye na vyombo vya kiwandani mimi napendelea kuziweka siku moja au mbili kabla uchachukaji haujaisha, kwa mfano hidromita, kile kipimo kinachoonyesha sukari iliyobaki, inaposoma 1.016 katika bia unayotarajia iishie 1.012. Wakati huo hamira bado iko macho, na itaimeza ile oksijeni iliyoingia na hopsi pamoja na ile iliyoingia ulipofungua mfuniko. Gesi inayoendelea kutoka nayo itaisukuma hewa nje. Wapo wanaopinga kwa hoja kwamba mapovu hubeba harufu na kwamba hamira ikitua huzama na sehemu ya mafuta ya hopsi, na hoja hizo ni za kweli. Lakini hasara hiyo ni ndogo ukiilinganisha na ile ya oksijeni, na ina fidia yake: hamira iliyo hai hubadilisha baadhi ya kemikali za hopsi, kwa mfano geranioli kuwa sitroneloli, na harufu inayopatikana huwa ya matunda zaidi.

Wiki moja ya kuloweka pia ni ndefu bila sababu. Tembe za hopsi zilizosagwa hutoa sehemu kubwa ya mafuta yake katika siku ya kwanza na ya pili; siku tatu zinatosha, na zikizidi sana unaanza kuvuta ladha ya majani na ukakasi. Kuhusu kiasi, utafiti wa kundi la Thomas Shellhammer katika Chuo Kikuu cha Oregon State, uliochapishwa mwaka 2018 na uliotumia Cascade, ulionyesha kwamba ukipita gramu 8 kwa lita harufu haiongezeki kwa kadiri ya hopsi unazoongeza, na tabia yake huelekea kwenye majani na chai. Gramu 200 zako katika lita 20 ni gramu 10 kwa lita. Rudi kwenye gramu 120, yaani gramu 6 kwa lita, na ukiwa na fedha ya ziada nunua chupa ndogo ya gesi ya kaboni dioksaidi, ambayo itakufaa zaidi ya kuongeza hopsi za kuloweka.

Lipo jambo moja la usalama linaloambatana na kuloweka hopsi, nalo nisingependa upite bila kulijua. Hopsi zina vimeng'enya vinavyovunja wanga mrefu ambao hamira ilikuwa imeshindwa kuula, na matokeo yake bia iliyodhaniwa imekwisha huanza kuchachuka upya. Jambo hili liliandikwa na wanasayansi wa Uingereza tangu mwaka 1893, likasahaulika, likakumbukwa tena bia za hopsi nyingi zilipoenea. Ukijaza chupa mapema, gesi itazidi na chupa inaweza kupasuka, nayo chupa inayopasuka hurusha vigae. Basi baada ya kuloweka subiri mpaka hidromita isome namba ile ile kwa siku tatu mfululizo.

Mahali pa tatu ni ile ndoo ya sukari. Najua inapendwa kwa sababu inaeneza sukari sawasawa, lakini fikiria kinachotokea: lita 20 za bia isiyo na kinga yoyote zinamiminika ndani ya ndoo ya wazi, zinakorogwa ili sukari ichanganyike, kisha zinakaa saa nzima na uso mpana ukitazama dari wakati wewe unajaza chupa moja moja. Katika hatua zako zote, hii na ile inayofuata ndizo ninazoziona kuwa chanzo kikuu. Weka sukari moja kwa moja ndani ya kila chupa. Kwa bia ya aina hii gramu 6.5 za sukari nyeupe kwa lita zinatosha, ambayo ni takriban gramu 2.3 kwa chupa ya mililita 355. Pima kwa mizani ndogo ya jikoni inayosoma sehemu ya gramu, au tafuta vipande vya sukari vyenye uzito huo. Kisha toa bia kwenye koki ya chombo cha kuchachushia, kupitia mpira mfupi na kile kijiti cha kujazia chenye springi mwishoni, ambacho hufika mpaka chini ya chupa ili bia ipande taratibu bila kuruka.

Bia inapotoka chini, juu lazima kitu kiingie, na kitakachoingia ni hewa usipokipa chombo kitu kingine cha kuvuta. Hapo ndipo ile chupa ya gesi inapofanya kazi: unaunganisha mpira kutoka kwenye chupa ya gesi mpaka juu ya chombo, kwa shinikizo dogo sana, ili gesi ichukue nafasi ya bia inayotoka. Aliye bila chupa ya gesi anaweza kutumia puto. Wakati uchachukaji umepamba moto, gesi safi inatoka bure kwa wingi. Vuta mfuko au puto kubwa juu ya tundu la kutolea gesi, lijae, ulifunge, ulitumie siku ya kupoza au ya kujaza. Puto la mpira huvuja polepole, kwa hiyo usilitegemee kwa majuma. Kifaa hicho cha kimaskini kitakusaidia pia ikiwa unapoza chombo kizima ili hopsi zizame, kwa sababu chombo kinachopozwa kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 3 huvuta ndani, na wengi hukiachia kivute hewa ya friji bila kujua, wakashangaa baadaye bia iliyofanyiwa kila kitu sawa imeharibika vipi.

Mahali pa nne ni shingo ya chupa, na hapa naomba tupige hesabu pamoja. Chupa ya mililita 355 iliyoachwa na nafasi ya mililita 15 juu ya bia imebeba hewa ambayo asilimia 21 ni oksijeni, yaani zaidi kidogo ya mililita 3, zenye uzito wa kama miligramu 4. Ukiigawa kwa ujazo wa bia unapata karibu miligramu 12 kwa lita. Kiwanda kinachojali bia ya hopsi hulenga jumla ya oksijeni katika kopo isiyofika miligramu 0.1 kwa lita, na vilivyo makini zaidi hutafuta nusu ya hapo. Chupa yako, kabla hatujahesabu ndoo wala mtungi, imeanza safari ikiwa na zaidi ya mara 100 ya kipimo hicho. Ni kweli kwamba hamira inayokula ile sukari ya chupani huimeza sehemu ya oksijeni hiyo, na bila msaada wake hali ingekuwa mbaya zaidi. Lakini hamira iliyochoka haiwezi kuimeza yote, wala haifanyi hima kuushinda mwendo wa kemia.

Jaza basi mpaka ibaki sentimita moja tu. Nafasi hiyo ni kama mililita 3, na oksijeni inashuka hadi kiasi cha miligramu 2.4 kwa lita, bila gharama yoyote. Ukiwa na gesi, puliza kidogo ndani ya chupa tupu kabla ya kujaza na kidogo tena shingoni kabla ya kufunga, na funga kila chupa mara inapojaa badala ya kujaza zote 50 kwanza. Kuna pia vizibo vyenye utando unaonyonya oksijeni. Bei yake si kubwa na vinasaidia kidogo, ila visikae ndani ya maji muda mrefu kabla ya kutumika, kwa kuwa unyevu ndio unaoviamsha. Baadhi ya watu huongeza metabisalfaiti ya potasiamu, unga unaonyonya oksijeni, kama gramu 0.3 kwa lita 20, wakati wa kujaza. Inafanya kazi, lakini kuna watu wenye pumu wanaodhurika na salfaiti, hivyo anayeitumia awaambie wageni wake.

Baada ya hayo linakuja suala la kabati. Bia ya chupani inahitaji joto la nyuzi 20 hivi kwa siku 10 hadi 14 ili gesi ipatikane. Siku hizo haziepukiki. Kila siku inayozidi hapo katika joto hilo ni hasara tupu. Viwandani kuna kanuni ya makadirio isemayo kwamba bia huzeeka kwa kiwango kimoja ikikaa siku 3 katika nyuzi 32, siku 30 katika nyuzi 22, au siku 300 katika nyuzi 3. Usiichukue kama sheria, maana bia za hopsi nyingi huchoka mapema kuliko nyingine, lakini mwelekeo wake ni wa kuaminika. Wewe wa Minneapolis una bahati ya majira ya baridi, unaweza hata kutumia gereji, mradi usiache chupa zigande. Nikikumbuka miaka niliyotengeneza bia Dar es Salaam katika chumba kisicho na kiyoyozi, ambapo mwezi wa Februari kipimajoto cha ukutani kilikuwa hakishuki chini ya nyuzi 29 hata usiku, nakiri kwamba sikuwahi kupata chupa moja yenye harufu ya hopsi iliyopita siku 20, na kwa muda mrefu nilimlaumu muuza hopsi.

Lakini muuza hopsi naye hakosi sehemu yake, na mnunuzi pia. Hopsi huvunwa mara moja kwa mwaka: mwishoni mwa Agosti na Septemba huko Yakima, Marekani, na Hallertau, Ujerumani, na miezi ya mwanzo wa mwaka kwa nchi za kusini mwa dunia, kama New Zealand na mashamba ya George, Afrika Kusini. Tazama mwaka wa mavuno kwenye pakiti, wala usitegemee tarehe ya kuisha muda. Cascade, unayoitumia, ni mojawapo ya hopsi zisizostahimili: ikikaa miezi 6 katika nyuzi 20 hubakiwa na takriban nusu tu ya asidi zake za alfa, wakati aina iitwayo Magnum hubakiwa na zaidi ya asilimia 80, na harufu nayo huenda njia hiyo hiyo. Pakiti iwe ya foili isiyopitisha hewa, ikae ndani ya friza, na ikifunguliwa itolewe hewa na kufungwa upya siku hiyo hiyo. Tembe nzuri ni za kijani na zinanukia kama zilivyoahidi. Zikiwa zimeelekea rangi ya kahawia au zikinuka jibini, hizo zimekwisha.

Jikoni sina mengi ya kukurekebisha, kwa kuwa bia yako inanukia vizuri siku ya kujaza chupa. Ila kumbuka kwamba harufu inayojaa nyumba wakati wa kuchemsha ni harufu iliyokwisha kutoka sufuriani. Anayechemsha chai ya mchaichai bila kifuniko anajua majirani hufaidi kuliko yeye. Hopsi za harufu zisichemshwe. Zima moto, acha maji ya kimea yapoe mpaka nyuzi 80 au 75, zitie, zifunike kwa dakika 20 hadi 30, kisha poza haraka. Katika joto hilo uchungu hauongezeki sana na mafuta hayatoroki kwa kasi. Sehemu ya mafuta inayoingia hapa hushikana na bia vizuri, na kwa uzoefu wangu harufu ya hatua hii hudumu zaidi ya ile ya kuloweka, kwa hiyo ningegawa hopsi zako: gramu 80 hapa, na zile 120 baadaye.

Kuhusu mwanga nitasema kwa ufupi, kwa sababu kabati lako lina giza. Uchungu wa hopsi ukipigwa na mwanga wa jua au wa taa fulani, kwa msaada wa vitamini B2 iliyomo katika bia, huzaa kemikali yenye salfa inayonuka kama yule mnyama wa Marekani aliye kama kicheche wetu. Kwa bia iliyo kwenye chupa nyeupe juani ni suala la dakika. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani haizuii vya kutosha. Basi ukiwa na wageni uani, mimina bia kwenye kikombe kisichopitisha mwanga, au mkae kivulini.

Ningekushauri pia ufanye jaribio dogo katika bia ijayo, ili uyaone haya kwa macho yako badala ya kuyapokea kutoka kwangu. Jaza chupa 44 kwa utaratibu niliouelezea. Chupa nyingine 6 zijaze kwa mtindo wako wa zamani: mimina bia kwenye jagi, koroga, acha nafasi ya vidole viwili shingoni. Ziwekee alama chini na uzihifadhi pamoja. Wiki ya tatu, mwombe mkeo akumiminie za aina zote mbili bila kukuambia ipi ni ipi. Kisha zile nzuri zigawe, nusu friji na nusu kabatini, na uonje tena wiki ya sita. Usishangae ukikuta hata chupa nzuri ya kabatini imeanza kupauka kiharufu. Hata kiwanda cha Stone cha California, chenye mitambo yote, kilianzisha mwaka 2012 bia ya hopsi ambayo jina lake lenyewe lilibeba tarehe ya mwisho ya kuinywa, na tarehe hiyo ilikuwa kama siku 35 tu baada ya kufungashwa.

Ukija kupata kegi, yaani pipa dogo la chuma la kuhifadhia bia, mambo mengi niliyoyataja yatarahisika. Unaijaza maji yenye dawa ya kuulia vijidudu mpaka juu kabisa, unayasukuma yote nje kwa gesi, kisha unaingiza bia kutoka chini katika chombo kisicho na hewa hata kidogo. Gesi unaitia bia ikiwa baridi, hivyo zile wiki mbili za joto hazipo tena. Lakini si lazima ungoje kegi. Nimeonja bia za chupani zilizofuata utaratibu huu zikiwa bado na harufu ya matunda baada ya miezi miwili ya friji.

Zile chupa za kahawia ulizo nazo sasa hazina tiba, maana harufu iliyovunjika hairudi kwa kupozwa. Hazidhuru, ni ladha tu iliyokwisha. Usizipikie mchuzi unaochemka saa nyingi, kwa sababu maji yakipungua uchungu hubaki ukazidi. Zinafaa zaidi kukandia mkate, au kukorogea unga wa kukaangia samaki, ambapo ile gesi yake hufanya ganda kuwa jepesi na uchungu hausikiki.